Tangi la Maji Kichwa Chini

Shule nzima ilimwita Shangazi, hata mkuu wa shule aliyemzidi umri. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza maabara: kufuta meza, kupanga chupa, kuhesabu lenzi asubuhi na kuzihesabu tena jioni kana kwamba zina miguu. Yeye mwenyewe masomo aliyaachia darasa la sita, mama yake alipougua, na ukimtajia fizikia alikujibu, "Mimi na hayo mambo ni salamu tu."

Sasa sikiliza alichokifanya. Kesho yake wasichana ishirini na wanne walikuwa na mtihani wa vitendo, kila mmoja kwa lenzi ya fokasi ya sentimita kumi na tano, yaani inayokusanya mwanga umbali huo kutoka kwake. Shangazi akaona aibu mabinti zake wapewe vioo vyenye alama za vidole. Akajaza beseni maji ya moto na sabuni, akazitumbukiza lenzi zote za maabara, hizo na zile za sentimita ishirini, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, vibandiko vya namba vilikuwa vinaelea juu ya povu. Za kumi na tano na za ishirini zilikuwa zimechanganyika, na kwa macho zilifanana kama punje za maharage. Usafi nao una mipaka yake, jamani!

"Nimewaua watoto wa watu," alisema peke yake. Msichana akipewa lenzi isiyo yake, vipimo vyake vyote vingekataa, na mwaka mzima ungekwenda na maji.

Mwalimu wa fizikia, binti aliyetoka chuoni juzijuzi tu, alikuwa kikaoni mpaka saa kumi. Ilikuwa saa nane. Mfa maji haachi kutapatapa. Shangazi akamkumbuka mwalimu wa zamani, aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kila mwaka, Shangazi naye akipiga deki nyuma yao, kwamba kitu kilicho mbali sana huchorwa na lenzi pale pale penye fokasi yake.

Akabandika karatasi nyeupe kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Akainua lenzi ya kwanza mbele yake, akaisogeza huku na huku. Ukungu mtupu. Halafu, ghafla, mnara wa tangi la maji ulioko ng'ambo ya uwanja ukatua kwenye karatasi, mdogo, kamili, kichwa chini, na ngazi yake ya chuma, na mawingu yakipita chini yake polepole. Shangazi akasahau kilichomleta. Alisimama pale mdomo wazi, mtu mzima na miaka yake, akitazama mawingu yakitembea ukutani.

Mkono ulipoanza kuchoka ndipo akachukua rula. Kutoka lenzi hadi karatasi, kumi na tano. Iliyofuata, ishirini. Kila mara alitia alama ya penseli tangi lilipoanzia na lilipoishia, kama mama anayepima vimo vya watoto mlangoni. Hapo akagundua jambo jingine: za kumi na tano zote zilichora tangi la kimo kimoja, sentimita moja na nusu, na za ishirini zikachora la sentimita mbili kamili.

Alipomaliza, za kumi na tano zilikuwa ishirini na tatu. Moja imepungua! Ya ishirini na nne, aliyokuwa akiihesabu pamoja na nyingine, ilikuwa ndani ya droo, imemeguka ukingo tangu mwaka juzi. Akaiinua bila matumaini, akitegemea kuona tangi lililong'atwa. Likaja tangi zima, na ngazi yake yote, limefifia kidogo tu.

Mwalimu aliporudi, Shangazi hakuzunguka mbuyu. "Mwanangu, nimeharibu," alisema, akaeleza yote, beseni na chai pamoja. "Na hii imevunjika lakini tangi ni zima. Inakuwaje?"

"Kila sehemu ya lenzi huchora picha nzima, Shangazi. Ikimeguka, inapungua mwanga tu." Mwalimu akaigeukia karatasi yenye alama za penseli. "Hivi vimo umevipima wewe?"

"Nani mwingine?"

"Basi njoo uone. Mnara ule tuliupima na wasichana: mita kumi. Kutoka hapa hadi pale ni mita mia. Kimo ni moja ya kumi ya umbali. Na humu ndani ni hivyo hivyo, kimo cha picha ni moja ya kumi ya fokasi. Hii iliyovunjika imechora ngapi?"

"Moja na nusu."

"Mara kumi?"

"Kumi na tano," Shangazi alinong'ona. Rula nayo ilikuwa imesema hivyo hivyo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo kinachojua mnara ulivyo mrefu!

"Itafaa," mwalimu akasema. "Ila kwenye mtihani, balbu wanayoichora isikae karibu na lenzi kuliko hizo kumi na tano. Hapo kadi ya kupokea picha haitapata kitu, hata kwa lenzi nzima."

Asubuhi, mtihani ulipoanza, Shangazi hakuruhusiwa kuingia. Akasimama nje dirishani, kitambaa begani. Lenzi iliyomeguka ilimwangukia msichana mrefu wa meza ya mwisho. Kadi ishirini na tatu zikawaka; yake ikabaki tupu. Msichana akaugusa ule ukingo, akanyoosha mkono alalamike.

Shangazi akasogea karibu zaidi na kioo. Halafu akaiona balbu: ilikuwa sentimita kumi tu kutoka kwenye lenzi. "Irudishe nyuma, mwanangu," midomo ikasema bila sauti, maana neno moja lingemharibia mtoto mtihani. Msimamizi alikuwa tayari anakuja.

Msichana, mkono mmoja ungali juu, akaivuta balbu kwa ule mwingine. Kumi na tano. Ishirini. Thelathini. Kwenye kadi, thelathini nyingine upande wa pili, waya wa balbu ukasimama kichwa chini, unawaka, kimo chake kile kile. Msichana akashusha mkono.

Shangazi akashusha wa kwake pia. Kumbe kiganja chote kilikuwa kimekandamiza dirisha. Vidole vitano vilibaki vimechorwa kwenye kioo. Kitambaa kilikuwa begani. Hakuvifuta.