Vikombe Viwili vya Unga wa Muhogo

Haya ni aibu yangu mwenyewe, na msidhani nayasimulia kwa kuwa yameshapoa, la, hata leo nikiyakumbuka damu hunichemka, na hasira yenyewe sina wa kumpelekea ila huyu huyu mnayemwona amekaa hapa.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla, nami ni dereva wa lori la kuni la tajiri mmoja hapo Changamwe, lori kuukuu, na vipuri siku zile huvipati hata ulie. Dada yangu Raheli alikuwa anaolewa na Sila, kijana wa Kisauni, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyepewa ruhusa ya siku chache tu, na Jumamosi hiyo hiyo ya harusi, saa nane mchana, alitakiwa awe stesheni apande gari la moshi, wapelekwe Bama, ng'ambo huko vitani. Ndiyo maana ndoa ikapangwa saa tatu asubuhi, kanisani kwao Kisauni, ili maskini wapate angalau saa nne za kula na kukaa pamoja mume na mke. Baba yetu alikuwa ameshafariki, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kumkabidhi bibi harusi mbele ya padri, na mimi ndiye wa kumpeleka, maana tajiri alikubali kuniazima lori (nilimbembeleza wiki nzima!).

Ijumaa asubuhi nikaona maji chini ya lori. Hapo sikuwa mjinga, nisikilizeni vizuri: nilikaza mipira yote ya maji, nikaikagua pampu ya maji nikaikuta kavu, nikapitisha kidole kwenye rejeta, ile ya kupozea maji ya injini, polepole mpaka nikalipata tundu, dogo la kuingia sindano, kwa chini upande wa kushoto. Kazi ya kulehemu tu, basi. Na jirani yangu Fundi Athumani akatokea na mswaki mdomoni, akasema, "Bwana Yona, ifungue uniletee, kabla ya adhuhuri nishaiziba." Nikakataa. Kwa nini? Kwa sababu mwezi uliopita alinicheka mbele za watu nilipozichanganya nyaya za plagi, nikaona leo tena atanitangaza mtaa mzima. Kiburi! Kiburi kitupu!

Sasa, mama yetu akinunua chungu kipya hakipikii mchuzi mpaka kwanza apike uji wa muhogo ndani yake, unga uingie kwenye vile vitundu vya udongo uvizibe, na ndivyo wanawake wote wa kwetu wanavyofanya. Mimi nikajiuliza, na rejeta ni kitu gani ila chungu cha maji ya moto? Nikachota kikombe kimoja cha unga, nikakoroga na maji, nikamimina, nikawasha injini. Wallahi, tundu likaziba! Nikalizunguka lile lori nimefunga mikono nyuma kama mimi ndiye niliyeliunda.

Jumamosi alfajiri nikachungulia, nikaona tone. Tone moja! Mtu mwenye akili angeliacha lianguke, lakini mimi nikaona nisihatarishe safari ya dada yangu, nikamimina kikombe cha pili.

Tukaondoka saa mbili, wanawake nyuma wanaimba na kupiga vigelegele, Raheli mbele kati yangu na mama, amevaa gauni jeupe la kuazima. Hatujavuka Makupa kuingia mjini, moshi. Nikasimama, nikangoja injini ipoe, nikaongeza maji, tukaenda kidogo, moshi tena! Maji hayazunguki, yamekuwa mazito. Fundi Athumani (naye alialikwa, si jirani?) akashuka akaniambia, "Fungua chini uyamwage yote, tuisafishe kwa maji matupu, twende zetu." Ushauri wa bure, na wa haki. Lakini ningemwaga vipi? Si wangeuona uji? Nikamjibu, "Niachie gari langu!" Mama akasema basi heri tutembee, nami nikamkaripia mama yangu mzazi, "Harusi ya dada yangu haiendi kwa miguu!" Tukaendelea hivyo hivyo, hatua mbili tunasimama, mji mzima unatutazama, na wanawake nyuma waliacha kuimba mmoja mmoja.

Tulifika daraja la Nyali saa sita. Lile daraja lilikuwa la kuelea, na maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo limeshuka chini, na kutokea upande wa pili ni mlima hasa. Pale pale mlimani injini ikakoroma ikazima. Nyuma yangu honi, mbele yangu honi, watu wanatukana. Nikashuka, Raheli naye akanifuata mbele ya lori, "Kaka, saa ngapi sasa?" Nami kwa hasira nikatupa tambara juu ya kifuniko cha rejeta nikakifungua kwa nguvu.

Uji ukaruka! Ulipanda juu ya vichwa vyetu, ukaniunguza mkono mpaka kiwikoni, ukamwangukia Raheli begani na kifuani mabonge kwa mabonge (bahati yake ulipoa kidogo huko juu). Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi Athumani akachovya kidole, akanusa, akaniuliza kwa upole, "Bwana Yona, huu ni muhogo?"

Raheli alikunja gauni lake, akamshika mama mkono, wakaenda kwa miguu, na wanawake wote wakawafuata. Mimi nilibaki na lori, maana siwezi kuliacha darajani, nikilisukuma na watu wale wale walionicheka. Dada yangu alikabidhiwa na mama.

Saa saba na nusu nikawaona wanarudi wawili wao, yeye na gauni lake la madoa, Sila na mzigo wake begani. Walikuwa wameshaoana, wakati wa kula haukuwapo. Sila akanipa mkono akasema, "Ahsante kwa kuniletea mke wangu, shemeji," na hakuwa akinikejeli, ndiyo iliyoniuma. Wakatembea pamoja mpaka mwisho wa daraja, akamwacha pale, akaanza kukimbia.

Sila hakurudi. Alifia Bama. Ndoa ya dada yangu ilikuwa ni ule mwendo wa kutoka kanisani mpaka darajani tu, na zile saa nne zao niliwanyang'anya mimi, si Hitla. Hajanitukana hata siku moja, na mara nyingi natamani anitukane. Tangu siku ile, gari likinishinda nasema limenishinda, nasema kwa sauti, mbele ya watu wote, na atakayecheka na acheke.