Mistari Ndani ya Chuma cha Kimondo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukitia kimondo motoni. Katika karakana yetu ya Jinja kila chuma kinene hupashwa moto kabla ya kukatwa, nami kazi niliiokota kwa kutazama tu. Kimondo hicho, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, kilikuwa cha mama aliyenifundisha kemia, anayeishi Nkoma, Mbale. Kaka yake, askari magereza mstaafu, alishikilia kwamba ni kipande cha reli. Mwalimu akanipa nusu yake nimtolee mistari iliyomo ndani, iwe ushahidi kwamba kilitoka angani.

Nilikichoma hadi kikawa chekundu, nikakikata, nikakisugua, nikapaka asidi. Kijivu kitupu. Ndipo nikasoma kwenye simu: kimondo cha aina hii ni chuma na nikeli, vilivyopoa polepole kwa mamilioni ya miaka hadi vikajipanga matabaka, mengine yenye nikeli kidogo, mengine nyingi. Moto mkali huyafuta, na hakuna tanuri la kuyarudisha.

Nilificha wiki tatu. Nilikuwa nampigia Mwalimu, halafu nakata kabla simu haijaita. Mwishowe nikapanda basi, nikaenda kukiri.

"Reli imeungua!" kaka yake akacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na nusu ya pili. "Hii ndiyo ya mwisho. Kata hapa hapa, nikuone."

Nilikata kwa msumeno wa mkono siku mbili, nikimwagia maji, nikikigusa kila mara nisije nikakipasha joto. Kisha msasa, kuanzia mkali hadi laini kabisa. Kila nikitazama naona mkwaruzo mwingine.

"Kijana, unakisafisha au unakinyoa?" kaka yake akauliza.

"Afande, nimebakiza kidogo."

"Inatosha," Mwalimu akasema. "Tia asidi."

Nikapaka. Dakika ya kwanza, kijivu tena. Halafu ukatokea mstari mmoja unaong'aa, mwingine ukaukata, mpaka uso wote ukawa kama mkeka uliosukwa. Penye nikeli kidogo asidi ilikuwa imekula; penye nikeli nyingi palibaki paking'aa.

Mwalimu alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Kaka yake akavaa miwani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Treni gani hupita huko angani, afande?" Mwalimu akamuuliza.

Kaka yake akamrudishia. Aliomba akishike tena.

Sasa sitii chuma motoni kabla ya kujua kilitoka wapi, na nikiharibu kitu cha mtu, namwambia siku hiyo hiyo.