Insha Moja, Alama Mbili

Sisi tuliosoma sekondari Mbinga miaka ile mitumba ilipoanza kujaa gulioni na wanunuzi binafsi wa kahawa kupigana vikumbo milimani, Kiingereza tulikitolea jasho. Watoto wa leo wanakipakua kwenye simu wakiwa wamelala chali. Darasa letu zima lilikuwa na kamusi moja, iliyonuka mafuta ya taa na kukosa kurasa za mwisho.

Mwalimu wa Kiingereza, mtu mwema wa mkoa mwingine, alitupanga kwa makabila kabla hajatufundisha. Kwake, Wanyasa wa ziwani tulizaliwa na Kiingereza, eti kwa sababu ng'ambo ni Malawi. Wamatengo wa milimani walizaliwa na jembe. Mimi wa Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa, niliyekuzwa kwa ugali wa muhogo na dagaa, sikujua zaidi ya salamu. Lakini aliponiita "Mwingereza wangu", niliitika kwa madaha.

Ikafika siku ya kumchagua mmoja wa kwenda Songea kwenye mashindano ya insha. Nikanakili neno kwa neno insha ya Kandida, binti wa mkulima wa kahawa wa Litumbandyosi, jirani yangu wa dawati. Madaftari yakarudi. Mimi kumi na nane kati ya ishirini. Yeye sita, na wino mwekundu: "Umemwibia nani?"

"Mwalimu, nimeandika mwenyewe," Kandida alisema.

"Wewe Mmatengo? Kachume kahawa, mama."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kandida hakulia. Alikusanya madaftari yake yote, hata ya hesabu, kama mtu anayerudi kwao moja kwa moja. Hapo nikajikuta nimesimama.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa kuchanganyikiwa. "Mwizi ni mimi."

"Acha utani, Mwingereza wangu."

"Tupe chaki uone."

Niliandika mstari mmoja ambao hadi leo sijui ni wa lugha gani. Kandida akajaza ubao, akauliza kama anaweza kufuta aendelee.

Mwalimu alichukua daftari la Kandida, akaikata ile sita mbele yetu. "Nimekukosea, mwanangu." Sikuwahi kusikia mwalimu akiomba radhi. Mimi nilipata viboko vinne, halali yangu. Kandida akaenda Songea.

Siku hizi shule zina vitabu tele, na bado wapo walimu wanaoupima ulimi wa mtoto kwa jina la ukoo. Lakini Kandida naye anafundisha Kiingereza, Mbinga hiyo hiyo. Wageni wa kidato cha kwanza huwaandikisha insha siku ya kwanza. Kwao ni wapi, huwauliza akishamaliza kusahihisha.