Panga Nililokwenda Nalo Msibani

Kaka yangu alipofariki nilitoka kwangu Kitendaguro, mjini, alfajiri kwenda kijijini kwake Kaagya, na Biblia mkono mmoja, panga mkono wa pili. Ndivyo tulivyozoea. Waombolezaji hulala msibani siku kadhaa, na wanaume wa ukoo huingia kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba, kukata ndizi za kuwalisha.

Mjane alinikuta chini ya mgomba wa kwanza. Macho yalikuwa yamevimba, lakini aliona.

"Shemeji, waitu, nakuomba, pitisha kwanza panga kwenye moto. Bwana shamba ametukataza panga la nje."

"Panga hili limekata ndizi hapa kabla hujaolewa," nikamjibu. "Leo ndiyo liwe na ugonjwa?"

"Mwache," mmoja wa wanaume wa ukoo akamwambia. "Huyu ni mzee wa kanisa, ameshaliombea."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikalifuta kwenye majani, nikaendelea kukata.

Sikumwambia mtu kwamba wiki ile ile nyumbani kwangu nilikuwa nimeangusha kwa panga hilo hilo migomba mitatu iliyogeuka manjano. Nilijiambia ni jua. Na mnyauko, ugonjwa wa migomba unaobebwa na panga, niliujua. Tangazo lake nililisoma mwenyewe kanisani baada ya ibada.

Mvua zilipoanza shemeji aliniita. Majani yalikuwa yamelegea, ndizi zimeiva kabla ya kukomaa. Nikapasua moja, ndani ilikuwa ya kahawia. Ugonjwa ulikuwa umepita nilipopita mimi, kuanzia nyuma ya jiko mpaka kaburini kwa kaka.

Bwana shamba akasema tung'oe mashina yote, hata yale yaliyotia kaburi kivuli, na mgomba usipandwe tena mpaka ardhi ipumzike.

"Tungoje kidogo, tuombe," nikamwambia shemeji. "Mungu ni mwaminifu."

"Mungu simlaumu, shemeji. Si yeye aliyekata."

Tuling'oa kwa siku nne. Ningeshukuru kama angenitukana.

Sasa kaburi liko juani, katikati ya mihogo. Mwanamke aliyekuwa akinitumia mikungu mjini anakwenda sokoni kununua ndizi, na wenzake wanamwona akizibeba kama mtu asiye na kibanja. Kwangu ilikufa ile mitatu tu. Kila jioni namshukuru Mungu kwa chakula, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyoamini.

Nikienda kupalilia kaburi humpelekea shemeji mkungu. Huupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Kisha huniomba panga. Hulipeleka jikoni, akalishikilia juu ya moto mpaka makali yabadilike rangi, akanirudishia. Kibanjani mwake hakuna tena mgomba hata mmoja. Mimi husimama mlangoni nikingoja.