Siku Tuliyomzika Steringi

Moshi wa jenereta ukichanganyika na jasho la wanaume waliobanana chini ya turubai, mchana wa jua kali, una harufu yake, na harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Wengine hukumbuka maua, sijui maziwa ya mgando ya bibi. Mimi nakumbuka kibanda cha video cha machimboni, mbele ya Masumbwe ukielekea porini, chenye televisheni moja ya mgongo mrefu, deki moja na viti vya magogo. Magogo yenyewe yalikuwa matimba, ile miti inayokatwa ili kushikilia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwafukie wachimbaji. Miti iliyonyooka, migumu, ilikaliwa na matako ya watazamaji. Iliyooza ndiyo iliyoshushwa chini kushikilia udongo juu ya vichwa vya baba zetu. Nimeanza na hasira mapema, najua. Mwenye haraka ya kufurahishwa atafute msimulizi mwingine.

Tulifika pale kutoka upande wa Nyahanga, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wetu na baba kusikia kwamba huko watu wanaokota dhahabu kama karanga. Hakuna aliyekuwa anaokota. Mimi ni Doto, mtoto wa kike. Kulwa, pacha wangu, alifariki kabla hajaota meno, ingawa mama aliendelea kuitwa Mama Kulwa hadi anaingia kaburini. Baada yetu akazaliwa mdogo wetu wa kiume, Shija, maana kwetu Wasukuma anayefuata mapacha ni Shija, hakuna mjadala, na mtoto huyo watu humtazama kwa jicho la ziada, kana kwamba amekuja duniani na kitu mfukoni. Shule niliiachia darasa la tatu kwa sababu kambini haikuwepo. Palikuwa na vilabu vya pombe, kigango cha Wakatoliki chenye paa la nyasi, na wanawake kama mama waliokaa kutwa wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, du, du, du, mpaka ukilala mlio unaendelea kichwani. Na sisi watoto tulichekecha unga wa mawe, tukateka maji, tukauza karanga. Asije mtu akadhani tulikuwa wa kuzurura. Ila Jumapili baada ya sala vinu vilinyamaza, na mchana huo ulikuwa wetu.

Mwenye kibanda alikuwa na kaseti chache, akazirudia hadi picha zikawa zinanyesha mvua. Moja ilihusu dunia iliyokwisha. Moto umeshapita, miji imebaki mifupa, maji yamefungiwa chini ya ardhi na watu wabaya, na waliosalia wanavaa matambara na kugombania kopo la maharage. Steringi, yule mkuu wa picha ambaye lazima ashinde, alikuwa mtu mkimya aliyebeba mlango mgongoni, mlango wa nyumba yake iliyoungua. Risasi zikija anageuka tu, zinagonga mlango. Hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza. Mwenye kibanda alitutafsiria kwa kipaza sauti, na leo nina hakika mengi aliyatunga mwenyewe, lakini aliyatunga vizuri, hilo siwezi kumnyima. Mwishoni steringi anaingia shimoni kuyafuata maji, ardhi inajifunga juu yake, maandishi yanapanda. Watu walipiga kelele nusura turubai ling'oke. "Tulieni jamani!" akasema mwenye kibanda. "Sehemu ya pili iko njiani, inatoka Mwanza." Ilikuwa njiani kiangazi kizima. Haikufika.

Basi tukaitengeneza wenyewe. Kulikuwa na duara la zamani lililoachwa, fupi, mtu mzima akisimama ndani kichwa kinaonekana. Pale ndipo sehemu ya pili ilipoanzia kila Jumapili. Shija alishuka akiwa na mlango wa choo kilichobomoka, umefungwa mgongoni kwa kamba ya katani. Watoto wengine walipoigiza walipayuka na kujigaragaza. Shija hakupayuka. Kwanza vilitokea vidole vyake ukingoni. Kisha ncha ya mlango. Kisha macho. Alipanda taratibu, akachukua udongo akaunusa, akatutazama kama mtu anayehesabu familia yake na kukuta pengo. Halafu anauliza kwa sauti ndogo, "Mmebaki wangapi?" Nakwambia nywele zilisimama. Wachimbaji, watu wazima wenye ndevu, walikuja na vikombe vyao vya pombe wakajibu kwa pamoja, "Tumebaki sisi, Steringi!" Mimi nilikuwa adui mkuu, sufuria kichwani, na pia nilikuwa maiti zote, kwa kuwa wenzangu hawakupenda kulala kwenye vumbi. Nilikufa kila Jumapili. "We Doto, leo ufe vizuri," waliniambia, "juzi umekufa kama mbuzi!" Tulicheka sana. Nataka ieleweke kwamba tulicheka, na kwamba Shija alikuwa na kipaji kweli, kwa sababu kipaji hicho ndicho walichokitafuna.

Mzee Machibya alikuwa mwenye duara ambalo baba alichimba. Duara lile lilianza kumwaga udongo. Ukuta ulipasuka, mtu mmoja akavunjika mguu, na wenzake wakakaa juu wakivuta sigara, wakagoma kushuka. Badala ya kununua matimba mapya, Machibya akanunua mbuzi wa kafara. Damu ikamwagwa, watu bado wamekaa. Ndipo mmoja wao akasema, nusu utani, "Tupe Steringi atangulie. Yule akiingia shimoni anatoka. Tena ni Shija." Wote wakacheka. Machibya hakucheka. Kesho yake asubuhi mdogo wangu, pengo la meno ya utoto bado liko mbele, alifungwa kamba kiunoni, mlango wa choo mgongoni, akashushwa hadi chini kabisa akaupige ukuta kwa kiganja, kisha akavutwa juu. Alipotokeza wanaume walishangilia, wakashika kamba, wakashuka kazini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni. Hakuna aliyeshuka kabla ya Steringi.

"Baba Kulwa," mama alisema, "mtoto wangu si mbuzi."

"Anashuka na kupanda tu, Mama Kulwa. Hata jasho halimtoki."

"Kama ni kushuka na kupanda tu, Machibya ana wanawe. Nao wana miguu."

Baba alitazama sahani yake. Siku hizo alikuwa ameanza kuitwa kula nyama kwa Machibya, akirudi mafuta yanang'aa mdomoni, na mama akamwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Nikaenda kwa katekista nikamweleza. Akaniambia atamwombea. Nikamwambia ukuta umepasuka. Akasema ataombea na ukuta.

Msidhani Shija alipelekwa kwa fimbo. Alipenda! Hilo ndilo linalonichemsha hadi leo. Walimbeba mabegani, walimpa soda, wanaume waliompita baba kwa umri walimpisha njiani. Alipokuwa chini niliwahi kusimama karibu na kamba, nikasikia sauti yake ikipanda kutoka gizani, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, "Mmebaki wangapi?" na wale mabwana juu wakacheka kwa kupata ahueni. Ahueni yao! Alitoka na udongo masikioni. Akishika kikombe cha uji, uji unamwagikia mapajani, na nilipomuuliza alisema anafanya mazoezi ya kuigiza mtu aliyechoka. Mawingu ya vuli yalikwishaanza kukusanyika. Kila mtu kambini alijua udongo ule ukinywa maji unakuwaje, na kila mtu alinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake anayeshuka baada ya Shija.

Kama ni sinema ndiyo iliyompeleka kule, nikasema, basi sinema ndiyo itamtoa. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata yeye, kwa sababu angekataa. Hakuna steringi anayekubali kufa.

Jumapili hiyo watu walijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma yao, Machibya akiwa ameletewa kiti. Shija alitoka shimoni kama kawaida yake, vidole, mlango, macho. Aliuliza swali lake, wakajibu. Kwa utaratibu wetu mimi adui nilitakiwa kumrukia kwa mbele, nigonge mlango, nianguke. Nilizunguka nyuma. Niliusukuma mlango kwa nguvu zangu zote, akaanguka kifudifudi, nikamkalia mgongoni.

"Umekufa," nikamnong'oneza.

"Sijafa! Doto, toka!"

"Umekufa, Shija. Tulia."

Watu walianza kelele. "Acha ujinga wewe!" "Steringi hafi!" "Mwondoeni huyo msichana, anaharibu picha!" Nikavua kanga ya mama niliyokuwa nimejifunga, nikamfunika mdogo wangu kutoka utosini hadi nyayoni. Kisha nikamkalia tena, nikaweka mikono kichwani, nikalia. Sikulia kile kilio chetu cha maigizo. Nililia kama wanawake wetu wanavyolia maiti inapotolewa ndani, ule wa kutoka tumboni, "Mayu wane! Mayu wane!" yaani mama yangu, mama yangu. Sasa, kwetu kilio hicho hakiachwi peke yake. Mwanamke akikisikia anakiitikia kwanza, habari ya nani kafa ataiuliza baadaye. Nikamwona mama anasimama kule nyuma. Alinitazama, akakitazama kile kifurushi kilichofunikwa kwa kanga yake, akamtazama Machibya, na nikajua ameelewa kila kitu. Akajifunga kitambaa kiunoni, akaweka mikono kichwani, akamlilia mwanawe kwa jina lake na ukoo wake. Muuza uji akaitika. Wanawake wa vinuni wakaitika, mmoja baada ya mwingine, wakasogea mbele wakiwasukuma wanaume, wakakaa chini kwenye vumbi, miguu wameinyoosha, kama msibani. Chini yangu Shija aliacha kujitupa. Labda aliogopa. Au labda, kwa kuwa alikuwa muigizaji wa kweli, alisikia watu wanalia akaona si vizuri kuwaharibia.

Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Huko machimboni hata aliyetoka kuzika hashuki duarani mpaka siku zipite na aoshwe dawa, sembuse marehemu mwenyewe. Shija alipoinuka, kipande cha udongo kimeganda kwenye paji la uso, wale wale waliombeba mabegani walirudi nyuma. Machibya alipiga kiti teke akataka nichapwe pale pale, na kesho asubuhi kazi iendelee kama kawaida. Akajibiwa na mchimbaji mmoja, yule yule wa utani wa kwanza. "Mzee, huyo ameshaliliwa. Akitangulia yeye, mimi simfuati." Na mwingine, "Hata mimi." Ikaishia hapo.

Hakuna aliyenishukuru, na Shija ndiye wa kwanza kutonishukuru. Aliniuma mkono, alama ninayo. Soda zilikwisha, mabega yalikwisha, watoto walikimbia akikaribia bakuli lao, maana nani ale na maiti? Baba alifukuzwa kazi, tukapanda lori la magunia kurudi Nyahanga, na mdogo wangu hakunisemesha hadi mvua zilipokatika. Na duara lile halikuporomoka. Naam, liandikwe hivyo. Walikuja watu miaka iliyofuata kumwambia mama kwamba Machibya alipata mawe mazuri, kwamba tulijinyima bahati kwa wivu wa msichana. Kana kwamba ilikuwa lazima udongo umfunike mtoto ndipo wao wawe wamekosea! Tena walisema, bila haya, kwamba alipatikana mtoto mwingine wa kutangulia, Kashinje, msichana aliyezaliwa ametanguliza miguu, ambaye naye watu kwetu humtazama kwa lile jicho. Sikuwahi kujua kama alikuwa na dada. Nimeuliza sana. Hakuna anayemkumbuka, ila mawe wanayakumbuka.

Siku hizi mawe yanasagwa kwa mashine za karasha, na kwenye machimbo yenye leseni pameandikwa kwamba watoto hawaruhusiwi. Vizuri. Lakini majuzi nilikuwa Kahama nakunywa chai, kijana mmoja wa machimbo, simu mbili mkononi, anamsifu mtoto muuza mayai kwamba ana nyota kali, angempata angempeleka kwenye duara lake lifunguke litoe dhahabu. Nilimtukana mbele za watu mpaka akaiacha chapati yake mezani.

Shija ni mzee sasa, fundi baiskeli, na jioni hukaa na wajukuu wakitazama filamu kwenye simu. Juzi nilimkuta wanatazama moja ya dunia iliyokwisha, sehemu ya pili, na steringi aliyekufa sehemu ya kwanza amerudi na sura mpya.

"Unaona, dada?" akaniambia. "Na mimi wangenirudisha."

"Nani angekurudisha? Machibya?"

Alicheka, kisha akampa mjukuu simu na kumwambia akatazamie nje. Ndipo akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu siku ile, kwamba ni nani na nani walimlilia, kwa sababu yeye alikuwa chini ya kanga, alisikia sauti tu. Nikamtajia. Mama. Muuza uji. Wanawake wote wa vinuni. Hata mwenye kibanda alijifuta macho, nilimwona.

"Na baba?"

Baba tumemzika siku nyingi, na Shija aligharamia jeneza. Ingekuwa rahisi kumpa mzee mwenzangu neno tamu akalala nalo. Nikamwambia kama nilivyoona. Baba alikuwa amesimama kando ya kile kiti, kofia mkononi, anamtazama Machibya usoni, ili ajue kama inaruhusiwa kulia.