Barua Niliyoandika Kuhusu Bosi wa Ndege

Admin, nifichie jina, na mtaa wangu usiutaje. Niiteni Mama Kulwa, ingawa sina mapacha. Nina miaka 58, naishi Shinyanga mjini na mume wangu, tuna watoto wanne na wajukuu. Haya niliyafanya miaka ya tisini na sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji wangu.

Mume wangu alianza kazi kwenye kampuni moja ndogo ya ndege akiwa mpima mizigo uwanjani. Akawa mkata tiketi, akawa meneja, mwisho wenye kampuni, familia ya wafanyabiashara wa Kihindi, wakampa ukurugenzi. Ndege zao zilikuwa ndogo, zikipeleka wanunuzi wa dhahabu na wataalamu wa migodi Geita. Mtoto wa mfuga ng'ombe wa Mhunze, leo bosi wa ndege! Mimi mjini nilitembea shingo juu, sitawadanganya.

Basi, wivu nimezaliwa nao. Kila wiki aliniaga kwamba anapanda ndege kwenda Geita, na kila akirudi nilimkagua. Siku moja naona shati alilorudi nalo limefuliwa na kupigwa pasi, linanukia sabuni ambayo kwangu haipo. Wiki iliyofuata vilevile. Nikageuza begi, kwenye mishono kumejaa vumbi jekundu. Nikajiuliza, huko angani vumbi linatoka wapi? Nilipomuuliza akacheka tu: "Mama Kulwa, wewe ungefaa upelelezi." Kwangu mimi, asiyejibu ana la kuficha.

Nikapeleleza kweli. Ndugu yangu wa Kahama aliniambia gari la mume wangu huonekana mtaani kwao Nyasubi kila Jumanne. Jumanne alipoondoka tu, nikapanda basi nikamfuata. Gari nikalikuta limeegeshwa nje ya nyumba moja, shati lake limeanikwa kwenye kamba, pembeni yake khanga mbili. Ndani nikamsikia anacheka na mwanamke. Sikubisha hodi. Laiti ningebisha! Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikawaandikia wenye kampuni barua isiyo na jina: "Mkurugenzi wenu hapandi ndege zenu. Muulizeni gari lake linafuata nini Nyasubi." Nilitaka aaibike, yeye na huyo mwanamke wake. Kazi sikuifikiria kabisa.

Walimwita uwanjani, wakamwambia apande ndege mbele ya wafanyakazi wote. Alifika kwenye ngazi, miguu ikagoma. Akakaa chini na suti yake, jasho linamtiririka, na watu aliowaajiri mwenyewe wakacheka. Wiki ileile wakamwondoa.

Siku ya uwanjani alirudi mchana, akakaa jikoni, akalia kama mtoto. "Mama Kulwa, mara ya kwanza kupanda tuliingia kwenye mvua ya radi juu ya Geita. Tangu hapo siwezi. Sasa mkurugenzi akiogopa ndege zake, abiria atapanda nani? Hapa Shinyanga walijua napandia Mwanza, wa Mwanza walijua napandia hapa. Nilikuwa naenda kwa gari. Nikifika Nyasubi naoga, nafuliwa shati, nitokee Geita safi kama mtu aliyeshuka kwenye ndege. Na kurudi hivyohivyo. Nilikuwa naoga kwa bibi, mama yake Baba Neema."

Baba Neema alikuwa rafiki yake toka shule, msimamizi wa ofisi ya Geita. "Ni yeye peke yake aliyejua," mume wangu akasema. "Ndiye aliyeniuza."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Pole, Baba Kulwa."

Cheo akapewa Baba Neema, na kwa mume wangu huo ukawa ushahidi tosha. Hawajasalimiana mpaka leo. Yule bibi wa Nyasubi alipofariki, mume wangu hakwenda kuzika. Kila jina la rafiki yake likitajwa anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na mimi niko palepale nampakulia ugali.

Sasa Baba Neema ni mgonjwa sana, figo zimekataa. Wiki iliyopita alipiga simu nikapokea mimi. "Shemeji, nataka nimwone mwenzangu kabla sijaondoka." Nikamjibu mwenzako hataki. Akasema taratibu: "Ile barua walinionyesha. Mwandiko niliujua, shemeji. Si wewe uliyekuwa unatuandikia matangazo ya ofisi tulipoanza? Nilinyamaza kwa sababu angekuacha, na watoto walikuwa wadogo. Nilijua utamwambia mwenyewe."

Nikakata simu. Na mimi nilivyo, nikaanza kushuku hata wema wake: mbona anasema leo, ana lengo gani? Halafu nikajionea aibu. Mtu kabeba jina la msaliti miaka yote hii kwa ajili ya nyumba yangu, na bado namshuku!

Jumamosi Neema anakuja kumwomba mume wangu akamwone baba yake. Mume wangu ana presha, na ameshaapa hatamfungulia mlango. Niseme kabla binti hajafika, nipoteze ndoa uzeeni? Au nimwache mtu azikwe na kosa langu? Nitukaneni, nastahili, lakini mkishamaliza kunitukana niambieni: nifanye nini?