Siku Treni ya Baba Ilipochoma Kitambaa cha Mama

Ndiyo, ni kweli, ni minye, mimi Bijou, niliyewasha moto siku ya kuondoa matanga ya baba yangu mwenyewe, na kama mumekuja kunicheka, chekeni haraka mumalize, maana nimeshachekwa kuanzia sokoni Likasi mpaka Buluo na bado niko hai. Kila mtu ana aibu yake. Yangu ilitoa moshi, basi.

Baba aliendesha treni maisha yake yote, na nyumbani alikuwa na katreni kadogo ka umeme, kichwa cha treni cha chuma, cha kijani, cha zamani sana, ambacho Mbelgiji mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Kila sikukuu alipanga reli juu ya meza, akapakia kipande cha sukari, treni ikazunguka na kusimama mbele ya kikombe cha mama. Hivyo ndivyo alivyompenda, maneno mengine hakuwa nayo. Tulipomzika, mama akaacha sukari kabisa. "Nitatia sukari siku ile treni italeta," akasema. Basi siku ya kuondoa matanga ilipopangwa, siku ya mama kuvua nguo nyeusi, nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba treni itatembea.

Kwa nini nisiahidi? Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota, katika atelier, karakana moja kule Shituru (ndiyo, mwanamke, na makovu ya mikononi ninayo ya kutosha, asante). Aliyenuna ni baba mudogo Médard, mdogo wake baba, aliyetaka treni iende kwake Lubumbashi akaiweke kwenye kabati la vioo.

"Bijou, ikishindwa kutembea, minye naibeba," akasema.

"Sawa, baba mudogo. Tutaona."

Nikaifungua, nikasafisha kila kitu, nikatoa magurudumu nikayang'arisha kama pete za harusi, nikayarudisha. Asubuhi ya siku yenyewe nikaijaribu, na kila nikiiweka kwenye reli, transfo yake, kile kisanduku cha kupunguza umeme wa ukutani, inakata. Tak! Naweka tena, tak! Fundi yeyote anajua maana yake: court-circuit, umeme umepata njia ya mkato mahali fulani. Transfo ilikuwa inasema ukweli, maskini, lakini minye nikaamua kwamba imezeeka, imechoka. Mara umeme wa mtaa mzima ukaondoka kama ulivyozoea, wageni nao wakaanza kuingia, na hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: nikamwomba dereva wa taxi-bus aliyeleta wageni aniazime batri ya gari lake.

(Najua. Nyamazeni. Batri ya gari haina adabu ya kukata, yenyewe inatoa tu.)

Meza iko katikati ya uwanja, imefunikwa kile kitambaa cheupe cha mama ambacho sikuwahi kukiona kimetoka mezani, reli juu yake, sukari juu ya treni, kwaya imenyamaza, mama amekaa na kikombe chake, na minye nikapaza sauti, "Mama, treni ya baba inafika!" nikagusisha waya. Cheche! Waya zikawa nyekundu, plastiki ikayeyuka, kitambaa kikashika moto, watu wanalia "Mawe! Mawe!", yaani mama wee, nikang'oa waya, nikanyakua ndoo iliyokuwa karibu nikamwaga, kumbe ni ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi tulichowapikia wageni, na nusu yake ilizima moto, nusu nyingine ikampata baba mudogo Médard kifuani. Alikuwa amevaa kositimu, suti nyeupe.

Kwaya ilicheka kwanza. Halafu uwanja mzima.

"Mama Bijou, umeona?" akasema baba mudogo, munkoyo unamtiririka. "Huyu mutoto iko na kichwa nguvu! Umeme, courant, haiko kazi ya mwanamuke! Hii treni naenda nayo leo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Si kwa ajili ya kositimu, ile itafuliwa. Ni mama, amekaa pale na chai yake isiyo na sukari mkononi, na minye ndiye niliyemwahidi.

Mama akainuka, akateremsha treni na reli chini, akashika kile kitambaa kilichoungua, akakivuta chote. Na meza yenyewe, tuliona sote, ilikuwa imejaa alama nyeusi za moto, za zamani, kubwa na ndogo.

"Médard," akasema, "weye ulifikiri minye nafunika hii meza juu ya nini? Hizi zote ni za kaka yako. Alikuwa anachoma kila mwaka, usiku, akiijaribu bila kitambaa, watu wamelala!" Akaanza kucheka, mama ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, akacheka mpaka akashikilia meza. "Bijou, maliza kazi."

Nikakaa palepale vumbini na gauni langu la matanga, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu asubuhi. Nikaomba taa ya gari, nikaiunga kati ya batri na reli: ikiwaka sana, kosa bado lipo, lakini hakuna kitakachoungua. Ikawaka sana. Nikatoa magurudumu jozi moja moja, na nikaikuta aibu yangu. Kila jozi ina gurudumu moja lenye kapete ka plastiki ka kuzuia umeme, na hayo yote lazima yakae upande mmoja. Minye nilirudisha jozi moja kinyume. Kwa sababu ya kung'arisha, jamani! Nikaigeuza. Taa ikafifia, treni ikanguruma.

Nikapanga reli zilizopona juu ya meza tupu, nikapakia kipande kipya cha sukari; zilikuwa chache, lakini zilifika kwenye kikombe. Mama akachukua sukari, akatia, akakoroga, akanywa.

"Chai imepoa," akasema. "Leteni ingine. Na treni irudi."

Treni iko kwangu mpaka leo. Nimeapa sitagusisha tena waya kwenye batri bila kutanguliza taa, hilo nimeapa. Kwamba sitaigusa tena treni? Aka! Hilo hamtalisikia. Mama amekataa kununua kitambaa kingine, meza iko wazi, na baba mudogo akija anakaa mbali nayo. Alama yangu iko pale katikati ya zile za baba, na ndiyo kubwa kuliko zote.